Mtoto wa nyumba ntobhu ni mtoto kamili

Kijana, umeshasikia habari za nyumba ntobhu? Kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti, mama asiyejaliwa mtoto anaweza kutoa ng'ombe wa mahari akamwoa binti. Binti huyo anazaa na mwanaume aliyechaguliwa, na mtoto anahesabiwa wa nyumba ya yule mama.

Wapo wanaomcheka mtoto huyo: "Eti alinunuliwa kwa ng'ombe!" Wanakosea. Mapenzi hayaletwi na damu peke yake. Anayekulisha, anayekesha nawe ukiwa na homa, huyo moyo wako unamjua kuwa ni mzazi.

Lakini mtoto asifichwe asili yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuwajua wazazi waliomzaa. Akiuliza, aambiwe ukweli kwa upole, kabla hajausikia kwa wambea.

Na binti je? Asilazimishwe kuolewa, wala kulala na mtu asiyemtaka. Yeye na mwanaume wapime VVU kwanza, na akishika mimba awahi kliniki. Mama akiheshimiwa na kuwa salama, mtoto naye anatulia.