Shirika la Hisani Likipungukiwa Fedha: Nani Aguswe Kwanza?



Katika mikutano ya matawi ya mashamba ya chai na miwa limekuwa likiulizwa swali ambalo zamani halikuwa letu. Zahanati ya hisani iliyo karibu na kambi imepunguza siku za kufungua, wauguzi wameondolewa, na yule aliyekuwa akiwapima watoto uzito haonekani tena. Wanachama wanauliza kama waliokata huduma hizo walifanya haki, na kama chama kina lolote la kuwasaidia wauguzi na walinzi walioachishwa. Tumeona tueleze kwa kirefu kidogo, maana jambo hili linatugusa mara mbili. Sisi ndio wagonjwa wa zahanati hizo, na waliomo ndani ni wafanyakazi kama sisi.

Tuanze na fedha zenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90. Siku chache baadaye mashirika mengi yaliyokuwa yakilipwa na USAID yaliamriwa kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi serikali hiyo ikatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID yenyewe ikaacha kazi ya kutoa misaada. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Hapa Uganda, Februari hiyo hiyo, Wizara ya Afya iliagiza kliniki za UKIMWI na za kifua kikuu zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa hiyo upungufu haukuwa uongo wa mameneja. Lakini fedha kupungua ni jambo moja, na namna ya kugawana upungufu huo ni jambo jingine, na hilo la pili huamuliwa na watu walioketi mezani.

Shirika la hisani halifanani na kiwanda. Kiwanda kikikosa wateja, mwenye mali hupoteza faida na mteja hununua kwingine. Shirika la hisani halina mwenye kula faida. Lina Bodi, lina wafadhili, lina watumishi, na lina watu wanaohudumiwa. Katika hao wote, anayehudumiwa ndiye asiyelipa, na kwa kuwa halipi hana kiti kwenye mkutano. Mfadhili akikasirika huondoa fedha zake. Mtumishi akikasirika huenda kwa Afisa wa Kazi. Mama mjamzito wa kambini akikasirika hurudi nyumbani na mimba yake. Hapo ndipo penye ugumu wote.

Tena fedha za hisani mara nyingi zimefungwa. Mfadhili huandika kwamba fedha hizi ni za chandarua, zile ni za semina, na hizi za gari. Ndiyo sababu mnaweza kuona gari jipya limeegeshwa nje wakati ndani hakuna glavu. Mkurugenzi akisema hana ruhusa ya kuligeuza gari kuwa glavu, pengine anasema kweli. Tumuulize hivi: je, umemwandikia mfadhili kumwomba ruhusa? Barua iko wapi? Wengi hawakuandika. Waliogopa kumuudhi mfadhili kuliko walivyoogopa kumwacha mgonjwa bila huduma.

Kabla ya kugusa mtu yeyote, yaguswe mambo yasiyo na uhai: semina za hotelini, safari, nyumba ya ofisi ya mjini, mafuta ya magari, posho za vikao vya Bodi. Hapo hatuhitaji kusema mengi, kila mfanyakazi anaelewa.

Baada ya vitu huja mishahara, na hapa wengi hudanganyika na neno "usawa". Shirika husema: sote tutapunguza asilimia 10, mkubwa na mdogo, tuwe ndugu katika shida. Tupige hesabu. Tuseme mkurugenzi analipwa shilingi 6,000,000 kwa mwezi, na wako wafagiaji na walinzi 20 wanaolipwa 300,000 kila mmoja. Asilimia 10 ya mkurugenzi ni 600,000, naye anabaki na 5,400,000. Asilimia 10 ya kila mlinzi ni 30,000, na wote 20 kwa pamoja ni 600,000. Yaani mtu mmoja wa juu akitoa asilimia 20 badala ya 10, wale 20 wa chini hawana haja ya kutoa hata senti moja. Mkurugenzi atabaki na 4,800,000, watoto wake wataendelea na shule. Mlinzi aliyebaki na 270,000 ataondoa mtoto mmoja shuleni. Asilimia ni ile ile, jeraha si lile lile. Kwa hiyo tunasema makato yaanzie juu, na yawe makubwa zaidi kadiri mshahara unavyopanda.

Ikiwa hata hivyo fedha hazitoshi, ndipo litakuja swali la huduma ipi ifungwe. Ofisini hupenda kuhesabu vichwa: huduma hii inahudumia watu 1,000, ile watu 40, basi ifungwe ya watu 40. Hesabu hiyo ni rahisi mno. Wale 1,000 huenda wakawa wanapewa mafunzo ya kunawa mikono, ambayo yanaweza kusimama miezi sita bila msiba. Wale 40 huenda wakawa wagonjwa wa kifua kikuu walio katikati ya dawa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi sita, na mgonjwa akikatizwa njiani ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, dawa za kwanza zisiufae tena, naye akaambukiza wenzake katika chumba kimoja cha kambi ambamo wanalala wanane. Dawa za UKIMWI ni vivyo hivyo: zikisimama, virusi huongezeka tena mwilini. Maswali ya haki ni haya: nani ataumia bila kurudika? Nani ana mahali pengine pa kwenda, na nauli ya kufika huko anayo? Kazi ipi imeanza na haiwezi kuachwa nusu?

Mfano wa hapa kwetu ni wa chakula cha wakimbizi. Kuanzia Julai 2023 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, uliwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu kwa kupima uhitaji: wenye uhitaji mkubwa wapate mgao mkubwa zaidi, wa kati mgao mdogo, na wanaoonekana kujiweza waondolewe. Mwaka 2025 fedha zilipungua zaidi, na karibu wakimbizi milioni moja wakaachwa bila msaada wa chakula. Kupima uhitaji ni bora kuliko kumkata kila mtu sawasawa, hilo tunalikubali. Ila kipimo cha binadamu hukosea. Mjane mwenye mbuzi wawili anaweza kuandikwa kuwa anajiweza. Kwa hiyo kipimo kisicho na mahali pa kulalamika si haki, hata kikiwa kimepigwa na wataalamu.

Na huduma ikifungwa isifungwe kama duka. Mgonjwa apewe barua ya kumpeleka kituo kingine, aambiwe jina la kituo na siku zake, apewe dawa za kumfikisha huko. Kadi na mafaili ya wagonjwa yakabidhiwe kituo hicho kwa siri, yasiachwe kwenye maboksi barazani ambapo kila mpita njia anaweza kusoma nani ana ugonjwa gani.

Sasa tuje kwa watumishi wenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 haikusema kwamba hisani imesamehewa. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi anatakiwa kumwandikia Kamishna wa Kazi na kukipa chama habari za sababu, idadi, na aina za watumishi, si chini ya wiki nne kabla ya wa kwanza kuondoka. Anaweza kujitetea kwamba muda huo haukuwezekana, na mwaka 2025 wengi walijitetea hivyo. Udhuru huo ni wa muda wa taarifa tu. Haufuti mshahara wa kazi iliyokwisha fanywa. Notisi ya kila mtu nayo iko palepale: aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano ni mwezi mmoja, mitano hadi kumi ni miezi miwili, kumi na zaidi ni miezi mitatu. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Ajira ya 2007, inayotaka taarifa ya mwezi mmoja na kiinua mgongo cha siku 15 kwa kila mwaka kamili. Wa Tanzania wana sheria ya 2004 inayomlazimisha mwajiri kushauriana juu ya sababu, njia za kuepuka, na namna ya kuchagua wa kupunguzwa.

Namna ya kuchagua ndiyo roho ya jambo. Kipimo kiandikwe kwanza, majina yafuate. Majina yakitangulia, kipimo kitashonwa kama koti la kumtosha mtu. "Wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka" ni kipimo kizuri kwa sababu hakina upendeleo, lakini peke yake kinaweza kumwondoa mkunga pekee aliyebaki, na hapo wanaoumia ni mama zetu. Basi kichanganywe na ujuzi. Mimba, ugonjwa, virusi vya UKIMWI au kadi ya chama visiingie kabisa katika hesabu.

Je, chama kitetee kila nafasi? Katika kamati zetu tumebishana sana juu ya hili, na wako ndugu wanaosema chama kinachokubali hata mtu mmoja apunguzwe kimekwisha. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Zahanati yenye makarani wanne na isiyo na dawa haimtibu mtu, na mwakani itafungwa na makarani wote wanne watatoka. Chama kikubali kuketi juu ya vipimo, kidai vitabu vya hesabu, kikague kama makato yalianzia juu. Orodha ya majina tusiiandike sisi kamwe. Hiyo iwe na sahihi ya mwajiri.

Tuonye pia juu ya neno "kujitolea". Mara nyingi mtumishi huambiwa: aliyeitwa na moyo wa huruma atabaki bila mshahara. Anayependa kujitolea aachwe ajitolee, lakini anayefika saa moja asubuhi kwa amri ya msimamizi na kuandikwa kwenye daftari ni mfanyakazi, naye alipwe. Wahudumu wa afya wa vijiji ndio wanaoonewa zaidi hapa, kwa kuwa wengi hawana mkataba na hukatwa bila hata barua.

Na haki za wanaoondoka zitengwe mapema, kabla fedha hazijaisha. Kila mwenzetu akague akiba yake NSSF: mwajiri hutoa asilimia 10 na mfanyakazi 5. Shirika lililokata ile 5 na kutoifikisha limetumia fedha za watu, hata kama lilinunulia dawa.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 wa mwaka 1982, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataka wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe mapema. Pendekezo namba 166 la mwaka huo huo linaongeza kwamba mwajiri akipata tena kazi ya namna ile ile, waliopunguzwa wafikiriwe kwanza. Kwa hiyo kila tawi lidai orodha ya waliopunguzwa, pamoja na tarehe, kazi aliyofanya kila mtu na mahali anapopatikana. Nakala moja ibaki kwa mwajiri, moja kwa katibu wa tawi, moja kwa Afisa wa Kazi wa wilaya. Mfadhili mpya akija na gari lake, orodha hiyo iwe mezani kabla tangazo la nafasi za kazi halijabandikwa.