Kwenda Ulaya Kusomea Jembe?

Uamkapo asubuhi hapa Mombasa, ukaketi barazani na sahani ya mbaazi za nazi na mahamri mawili ya moto, huenda hujapata kujiuliza mbaazi hizo zimelimwa wapi. Nazi ni yetu, ya Kilifi au ya Kwale. Lakini mbaazi aghalabu hushuka kutoka bara, na katika nchi yetu hakuna panapojulikana zaidi kwa mbaazi kuliko Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui. Hali kadhalika pojo. Wenyewe huziita ndengu, na Kitui ndiyo yenye sifa ya kuzilima kwa wingi. Basi tunakula jasho la watu ambao wengi wetu tunawapita usiku ndani ya basi, tumelala.

Nami nisingeliyawaza haya lau si mpwa wangu. Kijana huyu amemaliza shahada yake ya kwanza ya kilimo, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Hohenheim, karibu na mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, kusomea uzamili wa kilimo-hai na mifumo ya chakula. Habari ilipofika barazani, wazee walicheka. Mmoja akasema, "Babu yake alilima miaka sitini bila ya cheti. Huyu aenda Ulaya kusomea jembe?"

Mimi nilicheka nao, lakini dada yangu hakucheka. Karo kwa mwanafunzi atokaye nje ya Ulaya katika jimbo lile ni yuro 1,500 kila muhula. Tena mwenye kutaka viza hana budi kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima, nazo hukaribia yuro 12,000. Dada akaamua kuliuza shamba la minazi la Msambweni, alilorithi yeye na wanawe kwa marehemu mumewe. Nikamwambia, "Dada, mtoto aende kujifunza udongo, na nauli yake iwe ni udongo wenyewe? Nipe siku chache kabla hujamwonyesha mnunuzi mpaka." Kisha nikamwambia mpwa wangu, "Twende kwanza kwa hao ambao kilimo kwao si somo bali ni uhai."

Tulishika njia ya Nairobi mpaka Kibwezi, kisha tukaingia barabara ya Mutomo kuelekea Kitui. Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 Wakamba walishuka na misafara ya pembe mpaka Rabai na Mombasa, na Krapf alipopanda Ukambani mwaka 1849 alipokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa zama zile. Ujirani wetu ni wa kale, ingawa siku hizi tumeusahau.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni mvua. Kwetu masika ndiyo mvua, na vuli ni nyongeza. Ukambani mambo yamegeuka: mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba mpaka Desemba, na ile ya Machi mpaka Mei mara nyingi huwadanganya. Nyanda nyingi za chini hazipati hata milimita 700 kwa mwaka, na hizo huweza kunyesha kwa siku chache kwa kishindo, zikabeba udongo, zikaenda zao. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ilikosa mvua ya kutosha, mmoja baada ya mwingine. Wakamba huzipa njaa zao majina, kama sisi tunavyovipa vyombo vyetu. Iko Ngomanisye, ya mwaka 1898 na 1899, ambayo ilifika kila mahali; na iko ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iitwayo Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na fedha nimezishika, kwani fedha zilikuwapo lakini chakula hakikupatikana cha kununua.

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, hata hicho chuo cha Hohenheim kilizaliwa na njaa." Akanieleza kwamba mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka huko Indonesia, gesi zake zikatanda angani zikalififisha jua, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mazao yakaharibika, watu wakafa kwa njaa, na mwaka 1818 Mfalme Wilhelm wa Württemberg akaanzisha shule ya kilimo hapo. Nilinyamaza. Kumbe na wao walisomea jembe kwa sababu ya tumbo.

Karibu na Kitui tulishuka kwenye mto mkavu. Hapana tone la maji, ila mchanga mweupe na punda wenye madumu. Ukuta wa saruji umekatiza mto juu ya mwamba. Mafuriko yajapo huleta mchanga, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakabaki ndani ya mchanga, robo au theluthi ya ujazo wake, pasipo jua kuyakausha. Mabwawa haya ya mchanga yalianza zama za ukoloni, na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga pamoja na wanavijiji mamia ya kuta kama hizo katika Kitui. Wanawake walikuwa wakichota na kunywesha vitalu vya sukuma na nyanya kandoni.

Hapo nilikumbuka tulivyokuwa chuoni, mbele ya maalim wetu, tukisoma mlango wa zaka ya mazao. Nafaka iliyonyweshwa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na ile iliyonyweshwa kwa taabu na gharama hutolewa nusu ya fungu hilo. Nikiwa mtoto nililiona hilo kuwa ni hesabu tu. Nilipomwona mwanamke yule akipanda ukingo na dumu la lita 20 mgongoni ndipo nilipoielewa ile nusu. Sheria ilikwisha kulipima dumu lake.

Sasa kilimo-hai ni nini? Watu wengi hudhani kwamba mtu asiyetia mbolea ya dukani na asiyenyunyiza dawa amekwisha kuwa mkulima wa kilimo-hai. Mpwa wangu alilikataa hilo kwa nguvu. Shamba lisilotiwa chochote, alisema, ni shamba linaloibiwa. Kila gunia la mahindi litokalo hutoka na rutuba, na usiporudisha utakuwa unakula mtaji. Kilimo-hai ni kurudisha: samadi, mboji, majani ya mbaazi, kunde katikati ya mahindi, kupokezanisha mazao. Tangu mwaka 1986 Taasisi ya Kilimo-hai ya Kenya, KIOF, imekuwa ikiwafunza wakulima mambo haya, na mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kanuni zake za mazao hayo na alama yake, Kilimohai.

Nikamwuliza kama si ndoto za wenye kushiba. Akanipa habari za majaribio yaliyoanza mwaka 2007 huko Chuka na Thika, ambako mashamba ya aina mbili yamewekwa bega kwa bega. Palipolishwa udongo vizuri, mahindi ya kilimo-hai yalikaribiana na yale ya mbolea ya dukani, na kuanzia kama mwaka wa tano faida yake ikazidi, hasa yalipopata bei bora. Lakini Chuka na Thika zina mvua kuliko Kitui. Samadi bila maji haiozi, na ng'ombe wenyewe ni wachache baada ya ukame. "Hilo ndilo nitakalo kulisomea," akasema. Basi nikaona kwamba swali lake si la mchezo.

Tukapita Kwa Vonza, ambapo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kimesimama mahali palipokuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukambani, tukazunguka hadi Wote, makao ya Makueni. Njiani vilima vyote vimekatwa ngazi ngazi. Ngazi hizi zina jina ambalo sisi wapenzi wa lugha tunapaswa kujivunia, kwani vitabu vya Kiingereza vya elimu ya udongo vimeliandika vilevile lilivyo: fanya juu. Huchimbwa mtaro kwa kufuata usawa wa kilima, udongo ukatupwa upande wa juu, nyasi zikapandwa juu ya tuta, na kwa miaka shamba likajisawazisha lenyewe.

Lakini ngazi hizi zina kisa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni walitangaza kwamba Ukambani inageuka jangwa. Dawa yao ilikuwa ni kuwanyang'anya watu mifugo. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kudai ng'ombe wao. Muindi alikamatwa akahamishiwa wapi? Lamu, kwetu! Na baada ya hapo matuta yalichimbwa kwa amri, watu wakayachukia. Yaliposhika ni pale watu wenyewe walipochagua fanya juu, wakachimbiana kwa zamu katika vikundi vyao vya mwethya. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya jangwa mmomonyoko ulipungua na mavuno yakazidi. Wataalamu wa kwanza hawakukosea kuhusu udongo; walikosea kuhusu watu.

Nje kidogo ya Wote tulimkuta mama mmoja mtu mzima akichuma mbaazi. Mpwa wangu akamwamkia, "Mwaitu, shikamoo," akajieleza kwamba yuataka kwenda kusomea shahada ya pili ya kilimo. Mama akamtazama. "Mvua ikikosa, kitabu chako chasemaje?"

Kijana akaanza habari za naitrojeni. Mama akamkatiza, akamshika mkono, akamwinamisha chini ya mti wa mbaazi, au nzuu kama waitwavyo kwa Kikamba. "Mahindi yangu yalikufa mwezi wa kwanza. Hii haikufa. Mzizi wake umekwenda chini kutafuta. Na haya majani yaliyoanguka ndiyo mbolea yangu. Sasa wewe nitafutie mbegu itakayowahi kuzaa, na mtu wa kununua asiyenipunja. Hayo mengine nayajua."

Mpwa wangu alitoa daftari akaandika. Katika safari nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiandika bila kusema.

Mama huyo ana na miembe kumi na miwili. Mwembe wa apple, ambao umewatajirisha wengi Makueni, yasemekana asili yake ni pwani, upande wa Malindi. Lakini kuna nzi wa matunda, yule mgeni aliyeonekana nchini mwaka 2003, ambaye hutaga ndani ya embe likaoza. Kwa ajili yake Kenya ilisimamisha mwaka 2014 kupeleka maembe Ulaya. Dawa kali humfukuza nzi na huua nyuki pia. Makueni wamejifunza kutega mitego na kuzika kila embe lililoanguka. Na mpwa wangu akamsimulia mama habari za maji moto, wale chungu wekundu wa kwetu wanaotuuma tukipanda miembe. Wataalamu wamethibitisha kwamba huwafukuza nzi hao. Na Unguja, katika miaka ya 1950, Mwingereza M. J. Way aliwachunguza akaona kwamba huulinda mnazi na kunguni aharibuye nazi changa. Babu zetu waliwachoma moto walinzi wao wenyewe. Mama akacheka, "Basi na nyinyi mna la kusomea!"

Kuhusu mbegu, alituonyesha vibuyu vyake. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2012 ilimfanya mwenye kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa mkosaji wa kufungwa au kutozwa faini. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavitangua vifungu hivyo. Mpwa wangu alipewa ujazo wa kiganja, bila risiti wala hofu.

Usiku ule nilitunga ubeti huu, nikampa mpwa wangu aweke daftarini:

Udongo nao hushiba, ukilishwa kwa samadi,
Ukinyimwa huwa haba, mavuno hayatazidi,
Mwenye shamba na mahaba, hulitunza kwa juhudi,
Mvua haina ahadi, ingojee kwa matuta.

Tuliporudi Mombasa tuliketi na dada. Nilimwambia kwamba wazee wa baraza wamekosea, nami nilikosea kucheka pamoja nao: jembe lina elimu, na elimu hiyo ina haki ya kutafutwa hata Ujerumani. Lakini nilimwambia pia kwamba shamba lisiuzwe. Serikali ya Ujerumani ina ufadhili wa DAAD, na kama si huko, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda huko Nkozi hufundisha uzamili wa ikolojia ya kilimo, ambako nauli ni ya basi. Dada aliogopa nafasi isipotee. Kijana mwenyewe ndiye aliyekata shauri. "Mama," alisema, "nikirudi na shahada na shamba halipo, nitaifanyia wapi kazi?"

Barua ya ufadhili imekwisha kupelekwa, jibu bado. Wiki iliyopita nilipita Msambweni nikamkuta amekwisha kupanda zile mbaazi za Makueni kati ya minazi, akiwa amechafuka mpaka magotini. Juu ya mnazi mmoja maji moto walikuwa wamejenga kiota kwa majani, na hapana aliyewagusa.