Kabla ya Kulishusha Gari la Kale, Kagua Mifupa Yake

Mtu akipata Datsun 1600 SSS ya mwaka 1970 au 1971 siku hizi, jambo la kwanza analolitamani ni kulishusha. Hulitaka gari lilale chini, tairi zifichwe na madigadi, na boneti ikifunguliwa watu wauone upau wa chuma unaong'aa, uliovuka juu ya injini kutoka upande hata upande. Sina ugomvi na tamaa hiyo. Gari hilo lina heshima yake katika nchi hii. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari mwaka 1970, na wazee wengi wangali wakilitaja.

Ninalotaka kulizungumza hapa ni fedha za watu na roho zao. Mpwa wangu alinijia na orodha ya vyuma alivyotaka kuagiza kutoka ng'ambo ili alikaze gari lake: upau wa mbele, upau wa nyuma na mihimili ya kupita chini ya sakafu. Akaniuliza, "Mjomba, nianze na kipi?" Nikamwambia aanze na bisibisi. Akacheka, akidhani ninamfanyia mzaha.

GARI LISILO FREMU

Datsun hili halina fremu iliyo mbali na bodi kama lori. Sakafu, vizingiti vya milango, paa, na ukuta ulio kati ya injini na abiria ni mabati membamba yaliyoungwa pamoja, na hayo ndiyo yanayobeba uzito wote. Chukua sanduku tupu la viatu, uondoe kifuniko, ulisokote kwa mikono miwili. Litajipinda bila taabu. Kisha gundisha kifuniko pande zote ujaribu tena, nalo litakataa. Gari nalo ni vivyo hivyo. Nguvu yake imo katika kufungika pande zote kuliko katika unene wa chuma. Kizingiti kilichotobolewa na kutu ni sawa na sanduku lililopasuka ubavu.

Sasa tazama linalotokea gari likishushwa. Springi zikifupishwa, gurudumu hupungukiwa na nafasi ya kupanda, na kwa hivyo springi hubidi ziwe ngumu zaidi ili gari lisigonge chini. Lakini lile pigo ambalo springi laini ingalilimeza halipotei. Hupanda hadi kwenye mnara unaoshika shokabsoba, na kutoka mnarani huingia katika bodi. Angalia gari la namna hiyo likiteremka kivukoni Likoni wakati maji yamekupwa na njia imeinama. Gurudumu moja hutangulia kugusa, jingine likabaki juu, na bodi nzima ikasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Bodi ikijisokota, magurudumu nayo hubadili mwegamo wake, na dereva hujikuta akishindana na usukani.

MAJARIBIO YASIYOGHARIMU SENTI

Simamisha gari mahali palipo sawa. Fungua milango na uifunge, uone inavyoshika. Kisha tia jeki pembe moja ya gari, mahali palipo imara, ulinyanyue mpaka gurudumu liache ardhi, halafu ujaribu milango tena. Mlango uliokuwa ukifungika vyema ukianza kukwama au kukaa juu ya komeo lake, basi bodi imelegea.

Hapo ndipo bisibisi inapohitajika. Ondoa mazulia, udunge vizingiti, pembe za sakafu, bati linalokalia betri, vichwa vya minara ya mbele, mahali panapofungwa stelingi boksi, na mahali inaposhikwa mikono ya magurudumu ya nyuma. Kila bisibisi inapozama, hapo ndipo pa kutangulizia fedha. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua chumvi inavyokula chuma, na gari linaweza kuwa na rangi ya kupendeza huku ndani limekwisha. Puti na rangi havibebi uzito hata kidogo.

Bati lililooza likatwe mpaka kwenye chuma kizima, na jipya lichomelewe mahali pake. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuificha tu. Kabla ya moto, betri ifunguliwe na tangi la petroli litolewe kabisa. Gari na likae sawasawa juu ya stendi zilizo karibu na magurudumu, na fundi apime masafa ya mshazari kutoka pembe hadi pembe, kabla ya kazi na baada yake. Bodi ikichomelewa imepinda, itabaki imepinda maisha.

KUCHAGUA VYUMA

Baada ya kutu kuondoka, jambo la pili halina haja ya kuagizwa ng'ambo. Kiwandani mabati haya yaliungwa kwa nukta nukta za weldi. Fundi akiongeza vipande vifupi vya weldi katika maungio hayo, kama sentimita 2 au 3 kila kimoja na kuacha nafasi katikati, bodi hukazika na uzito hauongezeki ila kidogo.

La tatu ni mihimili ya chini, inayounganisha miguu ya mbele ya bodi na sehemu ya nyuma inayobeba mikono ya magurudumu. Chagua bomba la mraba lililofungika pande zote nne, wala si chuma cha pembe kilicho wazi, kwa sababu chuma kilicho wazi hujisokota upesi. Na lichomelewe katika sakafu kwa urefu wake, lisishikwe kwa bolti mbili tu za mwisho.

Upau wa mbele ndio wa nne. Ulionyooka hushinda uliopindwa ili kuikwepa kabureta. Wa kipande kimoja hushinda wenye viungo vinavyocheza, maana wenye viungo huzuia minara kukaribiana na kuachana tu. Aluminiamu yapendeza macho, lakini kwa kipimo kile kile cha bomba ugumu wake ni kama theluthi moja ya chuma, basi bomba lake sharti liwe pana zaidi. Ulio bora kuliko yote ni ule wenye mkono wa tatu unaorudi kwenye ukuta wa nyuma ya injini, kwani pembetatu haijipindi kirahisi.

Upau wa nyuma nilimwambia mpwa wangu aufute katika orodha. Katika gari hili springi za nyuma zimekaa mbali na shokabsoba, na uzito huingia chini ya sakafu. Upau wa ndani ya buti hushika pigo la shokabsoba peke yake. Fedha zake zilitosha kununua bati na kumlipa fundi wa weldi.

Hata hivyo, hakuna upau utakaorekebisha kila kitu. Gari hili likishushwa, magurudumu ya nyuma huegemea ndani juu na kubadili uelekeo, na tairi huliwa upande wa ndani. Mbele, mikono ya chini hupanda na gari huzidi kulala katika kona. Dawa yake ni vipande vya kuingizwa chini ya shokabsoba za mbele, na vishikio vya nyuma vinavyorekebishika. Asiye na fedha za hayo na alishushe kidogo tu.

Kazi ikiisha, liendeshwe kilomita mia chache kisha kila bolti ikazwe tena, na baada ya kila masika mazulia yainuliwe kutazama kutu. Wanaopakiwa katika gari hilo, mama na watoto, hawajui kilichomo chini ya miguu yao. Mwenye gari ndiye anayepaswa kujua.