PIKAPU YA KIKUNDI: TUIUZE AU TUENDELEE NAYO?

Katika vikundi vingi tunavyovitembelea kuna swali ambalo huletwa chini ya "mengineyo", wakati kina mama wameshachukua mikoba na wazee wameshainuka: "Na hii pikapu yetu, tutaifanyia nini?" Basi linajadiliwa kwa dakika tano, kila mtu akiwa amesimama. Jambo la mamilioni ya shilingi!

Mwaka 2024 kikundi kimoja cha wakulima wa mboga huko Wundanyi, katika milima ya Taita, kilituita tukae nao juu ya swali hilo hilo. Gari lao ni Toyota Hilux ya dizeli, ya viti vya mbele tu, waliyoinunua mwaka 2009 ikiwa imeshatumika. Dashibodi inasoma kilomita 430,000. Kila wiki inashuka na kabichi, sukuma wiki na nyanya hadi soko la Kongowea, Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 180, na siku nyingine inakwenda Mwatate na Voi. Kulala nayo barabarani ilikuwa mara moja tu, na siku hiyo ni dizeli iliyokwisha.

Vijana wa kikundi walitaka iuzwe. Kikundi jirani kilikuwa kimenunua gari jipya kwa mkopo, na kila likipita sokoni watu wanageuka. Mweka hazina, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema, "Hii ndiyo iliyosomesha watoto wetu." Sasa hapo utaamuaje? Wote wawili wanazungumza kwa moyo, na moyo hauna risiti.

Tuliuliza swali moja tu: mwaka uliopita gari hili limewala pesa ngapi? Hakuna aliyejua. Wengine walisema laki moja, wengine laki tano. Tulitumia siku mbili nzima tukikusanya karatasi: nyingine katika mfuko wa koti la dereva, nyingine katika kopo la majani chai, nyingine tukamwomba fundi akumbuke. Hii ndiyo hesabu tuliyopata.

Matengenezo yote, yaani oili, filita, matairi manne, klachi, bushi na shoku za mbele, yalifika Sh. 240,000. Bima ya mtu wa tatu ilikuwa Sh. 18,000. Gari lilikosa safari 6 za Kongowea kwa sababu lilikuwa kwa fundi, na kila mara wakakodi lori dogo. Kukodi kulizidi gharama ya kutumia gari lao kwa Sh. 12,000 kila safari, kwa hivyo hapo ni Sh. 72,000. Mara mbili gari la kukodi lilichelewa na nyanya zikaharibika, hasara ya Sh. 30,000. Mwisho, gari lenyewe linaendelea kushuka bei. Leo wangeliuza kwa kama Sh. 900,000, na baada ya miaka minne labda Sh. 600,000, maanake kila mwaka linapoteza Sh. 75,000. Jumla ni Sh. 435,000 kwa mwaka, au kama Sh. 36,000 kwa mwezi. Dizeli na mshahara wa dereva hatukuvihesabu, kwa kuwa vitakuwepo hata gari likiwa jipya.

Vijana walipoona Sh. 435,000 wakapiga makofi. "Si mnaona? Linatumaliza!" Tukawaambia, ngojeni kwanza tuhesabu na lile jingine.

Tuseme gari jipya la aina hiyo ni Sh. milioni 4. Kikundi kinatoa milioni 1 na kukopa milioni 3 kwa miaka minne, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Malipo ni kama Sh. 85,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kufikia mwisho watakuwa wamelipa zaidi ya Sh. milioni 4 kwa mkopo wa milioni 3. Tena mwenye kukopesha hatakubali bima ya mtu wa tatu. Atataka bima kubwa, na kwa miaka minne tuliiweka Sh. 520,000. Upande wa pili, tusilionee gari jipya: baada ya miaka hiyo bado ni mali, na tuseme litauzwa Sh. milioni 2.2. Ukijumlisha yote uliyotoa, ukatoa hiyo bei ya kuuza, ukagawanya kwa miezi 48, inakuja kama Sh. 71,000 kwa mwezi. Ongeza Sh. 10,000 za sevisi na matairi. Ni Sh. 81,000.

Yaani 36,000 kwa 81,000. Tofauti ni Sh. 45,000 kila mwezi. Hapo makofi yakaisha, na ndipo mkutano ulipoanza kweli. Sasa swali likawa hivi: gari jipya litatuletea nini cha Sh. 45,000 kila mwezi ambacho hili la zamani halituletei? Kama kikundi kinakosa mzigo kwa sababu gari ni bovu, labda litaleta. Lakini hawa walikosa safari 6 kati ya 52. Gari jipya nalo hubeba tani moja hivi kama la zamani, na kabichi ya Kongowea haina bei ya juu kwa kuwa imeshuka kwenye gari linalong'aa.

Kuna kanuni moja ya mitaani ambayo tungependa vikundi viache kuifuata. Watu husema matengenezo yakifika nusu ya bei ya gari, uza. Inasikika kama busara, ila inapima kitu kisichohusika. Bei ya gari sokoni ni jambo la mnunuzi. Wewe unanunua miezi ya kazi. Tuseme fundi anataka Sh. 180,000 kufungua injini na kuitengeneza yote. Kama itafanya kazi miaka mitatu zaidi, hiyo ni Sh. 5,000 kwa mwezi. Hebu linganisha na Sh. 45,000.

Lakini si kila ubovu unaingia katika hesabu. Injini na gia boksi hutengenezwa. Chesisi iliyooza haitengenezeki kwa maana ya kweli. Unaweza kuchomelea hapa, na mwezi ujao ufa unatokea pembeni ya pale ulipochomelea. Kwa hivyo fundi akija, asianze na injini, ingawa ndiko kila mtu anakotaka kuangalia. Alale chini ya gari na nyundo ndogo, agonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikilia. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bubu na kutoa unga wa kutu. Kisha breki na stelingi. Yule anayeshuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, na kona zile, akiwa na tani moja ya kabichi mgongoni na utingo pembeni, hana haja ya hesabu yetu. Kama chesisi imekwisha, au breki zimetengenezwa na bado hazishiki, gari hilo lisimame hata kama lina faida. Hapo tulikuwa wakali, na hatuombi radhi.

Injini nayo ina lugha yake. Moshi wa bluu unamaanisha inachoma oili. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta ute mweupe kama maziwa, huenda maji yameingia, na gasketi ya silinda hedi iangaliwe haraka. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni atawaambia mengi kwa nusu saa kuliko dereva kwa mwaka mzima. Na ulizeni juu ya spea. Hilux ina spea karibu kila mji. Wazee wanakumbuka pikapu za Peugeot 504 zilizounganishwa hapa Kenya. Zilikuwa gari za nguvu kweli, lakini uundaji ukishakoma, kila mwaka spea inakuwa ya kutafutwa kwa tochi. Gari la namna hiyo linaweza kustaafishwa mapema ingawa injini bado ni nzima.

Mtu mmoja akauliza, "Na tukinunua ya mtumba, si ni katikati?" Ni swali zuri, na sisi tuna kidonda hapo. Ofisi yetu wenyewe iliwahi kuuza pikapu nzuri kwa sababu ilikuwa imechakaa rangi, ikanunua nyingine iliyotumika, yenye kilomita chache kwenye dashibodi. Baadaye fundi akatuonyesha pedali ya klachi iliyolika hadi chuma, akauliza kwa upole kama tunaamini kilomita zile. Hatukuwa tumeangalia pedali. Gari letu la zamani tulijua kila ugonjwa wake. Hili tulinunua magonjwa ya mtu mwingine. Kwa sheria ya viwango ya Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane, kwa hivyo angalau umri wa lile linalotoka meli unajulikana. Matunzo yake hayajulikani.

Tena dizeli za siku hizi zinaongozwa na kompyuta, na nozeli zake ni nyembamba mno. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaziua. Mchezo huo ulikuwa umeenea hata serikali ikaweka ushuru wa Sh. 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwezi wa Septemba 2018 ili kuuzuia. Pampu za zamani zilivumilia zaidi, na fundi wa jua kali alizifungua kwa spana. Mkinunua gari la kisasa, jueni kwanza fundi mwenye mashine ya kulisoma yuko wapi, na ni umbali gani kulivuta hadi kwake.

Basi kikundi kikaamua. Breki za nyuma zitengenezwe kabla ya safari nyingine yoyote. Daftari moja liwekwe garini, lenye tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, pesa, na siku gari lililolala kwa fundi. Na kila mwezi Sh. 30,000 ziende benki katika akaunti ya gari peke yake. Kwa miaka mitatu hiyo ni Sh. 1,080,000, ambayo ni ile milioni ya kwanza wasiyokuwa nayo. Daftari likionyesha safari zilizokosekana zimefika 15 kwa mwaka, watakaa tena.

Tulipokuwa tunaaga, katibu akaleta logibuku tuione. Iliandikwa jina la mwenyekiti wa kwanza, marehemu tangu mwaka 2019. Kumbe hata wangeamua kuuza, wasingeweza: kubadilisha umiliki kwa NTSA kunaanzwa na yule aliyeandikwa, na akiwa amefariki lazima familia ipitie mirathi mahakamani. Kwa bahati mjane wake ni mwanachama, na kitabu cha kumbukumbu za mkutano wa mwaka 2009 bado kipo, chenye majina ya wote waliochanga na kiasi cha kila mmoja. Vikundi vingine havina hata hicho. Kama gari lenu limeandikwa jina la mtu, mwombeni sasa, akiwa hai na mko na amani, aweke sahihi mbele ya wakili kwamba analishika kwa niaba ya kikundi. Wale wa Wundanyi wameshaanza safari ya mahakamani, na wanakwenda huko na pikapu hiyo hiyo.