Betri ya Motokaa: Namna ya Kuipima kwa Salama na Kutambua Kosa Lake

Wakulima wa Ihanda,

Miezi ya Juni na Julai huku kwetu Mbozi ni miezi ya baridi, na ndiyo miezi ya kuchuma kahawa. Matunda mekundu yaliyochumwa leo yapasa kumenywa leo. Yakilala katika gunia hata kesho huanza kuchacha, na kahawa yake hushuka daraja. Basi ni hasara kubwa motokaa ikigoma siku hiyo. Tena baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito, hata betri dhaifu iliyoonekana nzima mwezi wa Februari hushindwa mwezi wa Julai.

Mkulima mmoja niliyemfahamu aliuza mahindi yake akanunua betri mpya. Siku ya tatu gari likagoma vile vile. Fundi alipochungulia chini aliona waya wa betri umelegea na kushika kutu pale unapofungwa kwenye chuma cha gari. Betri ya kwanza haikuwa na kosa, naye alikuwa amekwisha kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Mkulima mwenye akili hang'oi mbuni kwa sababu majani yamekuwa manjano. Kwanza huchunguza kama ni njaa ya udongo, au wadudu, au ugonjwa. Betri nayo ni hivyo: ipime kwanza, ndipo uihukumu.

1. BETRI NI NINI. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna bamba za risasi zilizozama katika maji yenye tindikali kali. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo.

2. HATARI ZAKE. Hatari ni mbili. Tindikali huunguza macho, ngozi na nguo. Tena betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo haina rangi wala harufu, lakini ikichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo yashikeni haya:

(a) Usimulike betri kwa kiberiti, mshumaa wala kibatari. Tumia tochi. Kiberiti kimoja chatosha kuipasua betri na kukurushia tindikali usoni.

(b) Vaa miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Vua pete na saa ya chuma.

(c) Ukifungua nyaya, anza na ule wa hasi (−); ukifunga, maliza na huo wa hasi. Ukifanya kinyume, spana ikigusa chuma cha gari italeta cheche kubwa.

(d) Usiunganishe vichwa viwili vya betri kwa waya au spana ili kuona kama kuna moto. Jambo hilo halipimi kitu, nalo huleta mlipuko.

(e) Weka ndoo ya maji safi karibu. Tindikali ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha nenda hospitali upesi. Usitie dawa nyingine jichoni.

3. KUPIMA KWA MACHO. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isichajiwe wala isitumiwe. Ukiona unga mweupe au wa kijani vichwani, fungua nyaya, osha kwa maji yenye soda ya kuokea, kausha, kisha kaza barabara. Fuata kila waya hadi mwisho wake. Mara nyingi kosa huonekana hapa, bila gharama.

4. KUPIMA KWA MITA. Mita ndogo ya umeme yaweza kununuliwa na wakulima kadhaa kwa shirika. Gari lilale usiku kucha limezimwa. Asubuhi weka mita kwenye alama ya V yenye mstari mnyoofu, kipimo cha 20. Waya mwekundu ushike kichwa cha chanya (+), mweusi cha hasi. Soma hivi:

Volti 12.6 au zaidi: betri imejaa.
Volti 12.4: robo tatu.
Volti 12.2: nusu.
Volti 12.0 kushuka chini: karibu tupu. Ichajiwe, ipumzike, ipimwe tena.
Volti 10.5 hata baada ya kuchajiwa: yaelekea chumba kimoja kimekufa. Betri hiyo imekwisha.

5. KUPIMA WAKATI WA KUWASHA. Toa gia, vuta breki ya mkono, mwenzako awashe nawe ukitazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6, ni dhaifu. Lakini ikibaki karibu na 12, na injini haizunguki kabisa, kosa liko kwenye nyaya au stata. Usinunue betri.

6. KUPIMA INJINI IKIWAKA. Kwa magari mengi mita huonyesha volti 13.8 hadi 14.7. Ikiwa chini ya 13, jenereta haichaji. Hata betri mpya itakufa vile vile. Ikizidi 15, inachaji mno na itakausha maji ya betri.

7. BETRI YENYE VIFUNIKO. Hii hupimwa pia kwa haidromita, kifaa cha kunyonyea maji ya betri. Pima kila chumba kabla ya kuongeza maji. Alama ya 1.265 ni kujaa, 1.190 ni nusu, 1.120 ni tupu. Chumba kimoja kikipungukiwa na vingine kwa zaidi ya 0.050, kimeharibika. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri yauzwayo dukani, si yale ya tindikali, wala si ya kisima au mto, kwa maana hayo yana chumvi.

8. BETRI ILIYOKUFA. Risasi ni sumu, na zaidi kwa watoto. Usipasue betri nyumbani, usiyeyushe risasi yake, wala usimwage tindikali shambani. Katika mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea wakazi sumu hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mpelekee betri mnunuzi ikiwa nzima, imesimama wima.

Asiye na mita na amwendee fundi wa umeme wa magari. Fundi apime mbele yake, naye asome mita kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Na kazi hii ifanywe mwezi wa Mei, kahawa ingali kijani mtini.