Laptopu Yako Inatosha Kurekodi

Kila likizo ikikaribia, kuna mwanachuo ananiuliza swali lile lile: "Kaka, hii laptopu yangu ya ramu gigabaiti 4 inaweza kurekodi muziki?" Jibu langu ni ndiyo, ila kuna namba chache lazima uzielewe.

Mimi kwetu ni Usinge, wilaya ya Kaliua, kwenye Reli ya Kati baina ya Tabora na Kigoma. Nikiwa likizo narekodi kwaya za vijana na nyimbo za wazee, za kilimo na za harusi, ambazo wajukuu wengi hatuzijui tena. Mzee wa miaka 80 akishaimba, huwezi kumwambia arudie mara sita eti kompyuta imegoma. Pengine likizo ijayo hutamkuta.

Tuanze na sampo reti. Kompyuta hunasa sauti kwa kuipima mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo ni sampuli moja. Sidii hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, video kwa kawaida 48,000. Kanuni ni kwamba ili unase mtetemo fulani, lazima upime zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, tena sikio la kijana. Mara mbili yake ni 40,000. Kwa hiyo 44,100 inatosha na chenji inabaki.

Sasa mbona wengine wanaweka 96,000? Ina kazi yake, mfano ukitaka kuipunguza sauti kasi sana baadaye. Lakini ina bei. Ukitoka 48,000 kwenda 96,000, kila efekti inakokotoa sampuli mara mbili, hivyo kazi ya prosesa nayo inakaribia kuwa mara mbili. Diski pia inaumia: wimbo wa dakika 4 wenye traki 10 za mono, biti 24, unakula megabaiti kama 346 kwa 48,000, na kama 691 kwa 96,000. Bendi za enzi za Tabora Jazz zilirekodi kwenye tepu, na hadi leo tunazicheza.

Usibane kwenye biti. Weka 24 badala ya 16, kwani prosesa haichoki kivile, nawe unaweza kurekodi kwa sauti ya chini kidogo. Ngoma ikipigwa kwa nguvu ghafla, sauti haipasuki.

Namba ya pili ni bafa. Ifikirie kama ndoo ya kuchotea maji kisimani. Ndoo ndogo ina safari nyingi, na prosesa ikichelewa safari moja tu, unasikia sauti inakwaruza au inakatika. Ndoo kubwa inampa mchotaji nafasi ya kupumua, ila maji yanachelewa kufika. Kwa 48,000, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.7, ya 1,024 ni 21.3. Hiyo ni njia moja tu. Ukihesabu kuingia na kutoka, inazidi mara mbili. Mwimbaji akijisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa hivyo, anapotea mdundo.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaamini kurekodi lazima bafa iwe ndogo. Siyo lazima. Mzee anayeimba peke yake bila hedifoni hajisikii kupitia kompyuta, kwa hiyo kuchelewa hakumhusu. Mwekee 1,024 ulale usingizi. Bafa ya 128 au 256 iweke pale tu mtu anapoimba juu ya mdundo huku akijisikiliza kupitia kompyuta, na hapo efekti nzito zizimwe.

Ukifika kwenye kuchanganya, rudi 1,024. Prosesa ikilemewa bado, igandishe traki yenye efekti nyingi: programu inaiandika kama faili la sauti la muda, na efekti zile haziikokotoi tena kila unapocheza.

Angalizo: chagua sampo reti moja mwanzo hadi mwisho. Faili la 44,100 likichezwa kama la 48,000 bila kubadilishwa linakimbia kwa karibu asilimia 9, na sauti inapanda. Babu anageuka kijana.

Kabla mzee hajakaa kwenye kigoda, zima waifai, funga programu nyingine zote, iondoe laptopu kwenye hali ya kubana betri, kisha rekodi dakika 10 za majaribio. Zisikilize zote. Zikiwa safi, ndipo umkaribishe aimbe.