Kipindupindu na wenyeji wa utumbo

Mwaka 2023 kipindupindu kilizuka mkoani Mara, kikawafikia watu wa Musoma na Bunda. Tulihimizwa kuchemsha maji, kunawa mikono na kutumia vyoo, na ushauri huo ni sahihi. Kisichoelezwa sana ni kwa nini watu wawili wa Kiriba, Musoma, wakinywa ndoo moja ya maji ya ziwa, mmoja huharisha na mwenzake akabaki mzima.

Bakteria wa kipindupindu hukutana kwanza na asidi ya tumbo, inayowaua wengi. Wanaopenya hufika utumbo mwembamba na kukuta wenyeji: bakteria wasio na madhara, waliokwisha kushika nafasi na chakula. Hapo ndipo vita huanza. Mgeni ana kisindano chenye sumu nchani, anachomchoma nacho jirani hadi afe. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walionyesha kwa panya wachanga kwamba kisindano hicho humsaidia kuwaondoa wenyeji na kustawi utumboni.

Bakteria rafiki wanaoingia na chakula nao huweza kumjibu. Mwaka huohuo, huko Marekani, panya wachanga walilishwa Lactococcus lactis, bakteria wa kugandisha maziwa, na waliopona kipindupindu wakawa wengi zaidi. Silaha ilikuwa asidi ileile inayoyafanya maziwa yawe machachu.

Jirani zetu wa Mwanza wanaijua kazi ya bakteria rafiki. Akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wenye bakteria rafiki aitwaye GR-1, wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Lakini mtindi huo ulichunguzwa zaidi kwa watu wanaoishi na VVU. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtindi, yaani mgando, unatibu kipindupindu kwa binadamu, na anayeuuza kwa ahadi hiyo anahatarisha maisha ya watu.

Ukigandisha nyumbani, chemsha maziwa kwanza, maana mabichi huweza kubeba brusela na kifua kikuu. Yakiwa vuguvugu, tia vijiko vichache vya mgando uliopita, kwenye chombo kilichooshwa kwa maji yaliyochemshwa. Ukichemsha baada ya kuganda, umewaua wasaidizi wako. Vivyo hivyo antibayotiki za kununua bila cheti: huua wenyeji wa utumbo pamoja na adui.

Mtu akianza kuharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, usimpe mgando ukangoja. Koroga pakiti moja ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji safi, anywe akiwa njiani, na mwahishe zahanati saa hiyohiyo.